Alexander Mackay na Wenzake katika Shamba la Bwana

Msomaji wa kitabu cha historia ya usharika wa Kilutheri anaweza kushangaa kumkuta humu mtu ambaye hakuwa Mlutheri, hakuwa mchungaji, wala hakuanzisha usharika wowote hapa Magu. Alexander Mackay alilelewa katika Kanisa Huru la Uskoti, akatumwa na chama cha misioni cha Waanglikana, yaani CMS, na hadi siku ya kufa kwake alibaki mlei. Jina lake hutajwa zaidi Uganda kuliko huku kwetu. Hata hivyo, Kageye, kijiji cha kando ya ziwa katika wilaya hii, ndiko alikoyaona maji ya Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1878, na ndiko alikozikwa rafiki yake wa siku za Edinburgh, Dr. John Smith, aliyetangulia kufika na kufa. Historia ya Injili katika pwani hii ya kusini ilianza na kaburi la rafiki.

Wengi waliosikia habari za Mackay wamemjua kama mtu wa chuma na moto. Baganda walimwita Mzungu wa kazi, na jina hilo lilimfaa. Lakini mtu akiyasoma maisha yake kwa makini ataona kwamba kazi ile yote ilibebwa na jambo lingine lisilosimuliwa sana, nalo ni urafiki wa watu waliokubali kufa kila mmoja karibu na mwenzake. Aliwapenda rafiki zake. Akawazika wengi, na wengine hakupata hata mwili wa kuzika. Mara mbili katika maisha yake aliletewa nafasi ya kuwachukia waliowaua. Sura hii inahusu mambo hayo.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, kijiji cha mkoa wa Aberdeen. Baba yake alikuwa mchungaji na mwandishi wa vitabu vya jiografia, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani hadi umri wa miaka 14. Mtoto yule alijifunza kusoma mapema mno, lakini upesi moyo wake ukavutwa na mitambo kuliko vitabu. Mama yake alifariki mwaka 1865, na kifo hicho kiliacha alama ndani yake. Baba alitamani mwanawe aingie kazi ya uchungaji. Mwana akachagua uhandisi, akasoma Edinburgh ualimu kwanza na kisha sayansi ya mitambo. Ni katika mji huo alipofahamiana na John Smith, kijana aliyekuwa akijifunza udaktari, na wote wawili walikuwa na bidii katika kazi ya Kikristo miongoni mwa maskini.

Mwezi wa Novemba 1873 Mackay alikwenda Ujerumani, akaajiriwa Berlin kuchora michoro ya mitambo, na baadaye akawekwa kuwa mkuu wa idara ya injini za treni. Hapa ndipo maisha yake yalipogusana na watu walio karibu zaidi na sisi. Wafanyakazi wenzake wengi walimdhihaki kwa ajili ya imani yake, lakini alipata kimbilio katika nyumba ya Dr. Baur, mhubiri wa jumba la Kaizari, ambaye alimpokea kama mtoto wake. Katika nyumba hiyo kulikuwa na ibada, mafundisho ya Biblia na wageni waliozungumza habari za misioni. Haifai kukuza jambo hilo kupita kiasi, lakini si dogo pia: mtu aliyeleta mashine ya kuchapia Injili katika ziwa letu alitiwa nguvu na mchungaji wa Kijerumani, miaka mingi kabla ya wamisionari wa Betheli kufika Bukoba mwaka 1910.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwenda Madagaska kama mhandisi mmisionari. Wakati akingoja njia ifunguke, gazeti la Daily Telegraph la London lilitoa, tarehe 15 Novemba 1875, barua ya Henry Morton Stanley kutoka Buganda. Stanley alikuwa ameondoka Kageye mapema mwaka huo kwa mashua, akalizunguka ziwa na kufika kwa Kabaka Mutesa, na sasa aliwaita Wakristo wa Ulaya wapeleke walimu. CMS ikapokea ahadi ya pauni 5,000 kutoka kwa mtu asiyetaka kutajwa, ikaanza kutafuta watu. Mackay alijitolea, akakubaliwa.

Kundi lile lilikuwa na watu 8. Kiongozi alikuwa Shergold Smith, luteni wa zamani wa jeshi la maji. Alikuwapo Mchungaji C. T. Wilson; Thomas O'Neill, fundi wa kusanifu majengo; Dr. John Smith, rafiki wa Mackay. Na mafundi wengine. Mackay mwenye miaka 26 alikuwa mdogo kuliko wote. Katika mkutano wa kuwaaga, alipopewa nafasi ya mwisho ya kusema, aliwakumbusha wazee wa kamati kwamba si jambo la kawaida Wazungu 8 kuingia Afrika ya kati na wote kuwa hai baada ya miezi 6, na kwamba habari ya kifo ikija wasivunjike moyo, bali wapeleke mtu mwingine mara moja. Hayo yalisemwa mwezi wa Aprili 1876. Mwezi wa Agosti James Robertson, mjenzi, alifariki Zanzibar kabla hata ya kupanda bara. Alijua kwamba afya yake ni mbovu, na alikuja kwa hiari yake.

Wengine waliendelea kwa miguu kutoka pwani. Mackay aliugua vibaya njiani, na mwezi wa Novemba akarudishwa pwani kwa amri ya kiongozi wake. Kwa kijana mwenye moyo kama wake jambo hilo lilikuwa chungu kuliko homa yenyewe: wenzake walikuwa wakielekea ziwani naye amebaki nyuma. Hakukaa bure. Katika mwaka 1877 aliongoza watu kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230, kwa matumaini kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe yangepunguza mizigo ya wapagazi. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o, na magari hayakufika mbali. Tunataja jambo hilo kwa sababu katika vitabu vya ukumbusho ni desturi kuandika ushindi tu. Mackay alikuwa na mipango mingi iliyoshindikana, na barabara ile ilikuwa mmojawapo.

Shergold Smith na wenzake walifika Kageye mwezi wa Januari 1877. Mkuu wa mahali hapo aliitwa Kaduma, yuleyule aliyempokea Stanley miaka miwili kabla. Wakaanza kuunganisha mashua yao, Daisy, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa watu kutoka pwani. Dr. John Smith hakuiona ikisafiri kwenda Buganda. Aliugua, na tarehe 11 Mei 1877 akafa, akazikwa na wenzake hapohapo Kageye. Alikuja kuwatibu wagonjwa wa Buganda. Aliishia kuugua kijijini kwa Wasukuma ambao lugha yao alikuwa hajapata muda wa kujifunza.

Mwezi wa Juni mwaka uleule Shergold Smith na Wilson walivuka ziwa wakafika kwa Mutesa. Kisha Wilson akabaki Buganda peke yake, na Smith akarudi kusini kumfuata O'Neill, ambaye alikuwa Ukerewe akimalizia jahazi. Jahazi hilo walilinunua kwa mfanyabiashara aitwaye Songoro, na hapo ndipo msiba ulipoingia. Kati ya Songoro na Mtemi Lukonge wa Ukerewe kulikuwa na ugomvi wa madai. Mwezi wa Desemba 1877 ugomvi ukawa vita. Songoro alipoona hatari alikimbilia kambi ya wamisionari. Walitakiwa wamtoe, nao wakakataa kumkabidhi mtu aliyekimbilia kwao. Smith, O'Neill na Songoro waliuawa pamoja na karibu watu wao wote. Inafaa Wakristo wa pande hizi wakumbuke jinsi ilivyokuwa: watu wale wawili hawakuuawa kwa sababu ya mahubiri yao. Walikufa kwa kumlinda mgeni, Mwislamu, ambaye pengine alikuwa na makosa katika ugomvi ule.

Habari hizo zilimkuta Mackay akiwa bado mbali na ziwa. Robertson, John Smith, Shergold Smith na O'Neill walikuwa wamekufa. Wawili, Clark na William Robertson, walikwisha kurudi kwao kwa sababu ya afya. Amebaki Wilson upande wa kaskazini wa ziwa, na yeye. Mackay akaharakisha safari, akaingia Kageye tarehe 13 Juni 1878.

Hali aliyoikuta imesimuliwa mara nyingi, na inastahili kusimuliwa tena. Katika banda moja vilirundikwa vitu vyote walivyoacha wenzake: vyuma vya injini ya mvuke, mabomba, spana, misumari, dawa, herufi za chapa, Biblia na vitabu vya kuhesabia, vyote vimechanganyika, vingine vimeshikwa na kutu na vingine vimeliwa na mchwa. Daisy ilikuwa imevutwa pwani, mbao zake zimepasuka kwa jua. Kwa siku kadhaa Mackay alikaa katikati ya rundo hilo akitafuta kipande kimoja kioane na kingine. Watu wa Kageye walikuja kumtazama, wakishangaa kuona vipande vya chuma vikigeuka kuwa mtambo. Wao waliona ufundi. Yeye alishika katika mikono yake vyombo vya marafiki waliokufa, na kaburi la mmoja wao lilikuwa hatua chache kutoka pale.

Kabla ya kwenda Buganda alifanya jambo ambalo wenyeji wengi walimsihi asilifanye. Alivuka kwenda Ukerewe kwa Lukonge, bila silaha na bila kikosi cha askari. Wapo waliotazamia kwamba Wazungu wangelipiza kisasi, na yawezekana Lukonge mwenyewe alitazamia hivyo. Mackay alikaa naye siku kadhaa, wakazungumza. Lukonge alieleza kwamba hasira yake ilikuwa juu ya Songoro, na kwamba Wazungu walikufa kwa sababu walisimama kati. Mackay hakumwona kuwa mtu asiye na hatia, lakini alipokea mkono wake na kufanya amani, akarudi Kageye akiwa hai mbele ya watu waliokwisha kumlilia. Mambo mengi aliyoyafanya baadaye Buganda yanajulikana zaidi kuliko siku zile chache za Ukerewe. Kwa watu wa ziwa hili, hata hivyo, huenda hilo ndilo lililokuwa hubiri lake la kwanza, na lilihubiriwa kabla hajajua vizuri lugha yoyote ya hapa.

Wilson alikuja Kageye kumlaki, na mwezi wa Agosti wakatweka Daisy pamoja. Dhoruba ikawatupa katika pwani ya magharibi. Mashua ilivunjika, nao wakakaa huko majuma 8 wakiitengeneza. Mackay aliikata sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, kisha akaunganisha ncha mbili zilizobaki. Kwa chombo hicho kilichofupishwa wakafika Buganda mwezi wa Novemba 1878.

Miaka yake karibu 9 ya Buganda ni historia ya Kanisa la nchi ile, na hapa itapitiwa kwa haraka. Alifua vyuma, alichonga mbao, alichapa kurasa za kusomea, alifundisha. Mwanzoni mafundisho yake mbele ya Mutesa yalikuwa kwa Kiswahili, kwa kuwa Kabaka alikijua, na alitumia Injili zilizotafsiriwa Zanzibar na Askofu Steere. Katika kazi hiyo alitanguliwa na mtu ambaye vitabu vingi humpa mstari mmoja tu: Dallington Muftaa, kijana aliyesomeshwa na misioni ya Zanzibar, ambaye Stanley alimwacha Buganda mwaka 1875 amsomee Mutesa Maandiko. Kabla ya mmisionari yeyote wa Ulaya kukaa mjini pale, Neno lilikuwa limekwisha kusomwa na Mwafrika, kwa Kiswahili.

Mwezi wa Februari 1879 walifika mapadre wa Kikatoliki wa shirika la White Fathers, na kiongozi wao katika mabishano alikuwa Padre Siméon Lourdel. Hapa maisha ya Mackay yana doa, na si vema kulifunika. Yeye na Lourdel walibishana mbele ya Mutesa, kila mmoja akiyaita mafundisho ya mwenzake uongo, na Kabaka na wakuu wake wakawasikiliza kama watu wanaotazama mchezo. Wote wawili walikuwa hodari na wenye ndimi kali. Wote walimpenda Kristo. Hawakuweza kupendana, na Buganda ililipa gharama kubwa ya mgawanyiko huo katika vita vya miaka iliyofuata. Walutheri na Wakatoliki wa ukanda huu wa ziwa, ambao siku hizi huzika pamoja na kuombeana, wanaweza kuona ni njia ndefu kiasi gani imekwisha kutembewa.

Marafiki waliomkaribia zaidi Mackay katika miaka hiyo walikuwa vijana wa Kiganda waliokuja kusoma. Mmoja wao, Sembera, aliandika kwa mkono wake mwenyewe barua ya kuomba ubatizo, kwa kalamu ya unyasi na wino wa kujitengenezea. Mackay hakuwa mchungaji, hivyo hakumbatiza yeye. Kazi hiyo ilifanywa na Mchungaji O'Flaherty tarehe 18 Machi 1882, walipobatizwa watu 5 wa kwanza. Sembera alichagua aitwe Mackay. Mhandisi yule hakuoa wala hakuacha mtoto, lakini jina lake liliendelea kuitwa katika nyumba ya Mwafrika aliyelichagua mwenyewe.

Mwaka 1883 alifika Mchungaji Robert Ashe, na kati yake na Mackay ukakua urafiki wa karibu kuliko wote aliopata kuwa nao tangu Dr. Smith. Walikuwa pamoja Mutesa alipofariki mwezi wa Oktoba 1884 na kijana Mwanga akatawala. Walikuwa pamoja mwezi wa Januari 1885 walipokamatwa njiani, wakarudishwa kwa nguvu, na vijana wao wakachukuliwa. Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama walichomwa moto. Lugalama alikuwa mtoto bado. Alitekwa vitani, akakombolewa na misioni, akalelewa katika nyumba ya Ashe. Mackay na Ashe walikwenda kwa wakuu, wakatoa zawadi, wakaomba, wasisikilizwe. Kwa watu wawili wale hapakuwa na siku nyingine nzito kama hiyo.

Mwezi wa Oktoba mwaka uleule Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja kwao. Hannington aliwahi kupita pande hizi za kusini mwa ziwa miaka michache kabla, akiwa mgonjwa hata ikambidi arudi, na safari hii alijaribu njia ya kaskazini akidhani ni bora. Mackay na wenzake walifanya waliloweza kumwombea kwa Mwanga. Mwaka 1886 mateso yakazidi, na tarehe 3 Juni Wakristo wengi, Waprotestanti kwa Wakatoliki, walichomwa huko Namugongo.

Mwezi wa Agosti 1886 Ashe aliruhusiwa kuondoka. Mackay hakuruhusiwa, maana mikono yake ilikuwa na faida kwa Kabaka. Kwa karibu mwaka mzima alikaa peke yake, asiwe na mwenzake wa Ulaya ila mapadre ambao hakupatana nao. Mchana alifanya kazi za Kabaka. Usiku Wakristo waliobaki walimjia kwa siri, naye akawafundisha na kuwapa kurasa za Injili ya Mathayo kwa Kiganda zilizotoka katika mashine yake. Mtu akiuliza ni nani aliyemchunga Mackay katika mwaka ule, jibu ni hao waliogonga mlango gizani. Walikuwa wanafunzi wake, na ndio waliokuwa wachungaji wake.

Mwezi wa Julai 1887 aliruhusiwa kuondoka, na Mchungaji Gordon akaja kushika nafasi yake. Akavuka ziwa kuja kusini, akajenga kituo Usambiro. Hapo, mwanzoni mwa 1888, alionja kwa muda mfupi furaha ambayo hakuwa ameipata kwa miaka mingi: kuketi mezani na kundi la ndugu. Alikuwapo Askofu Henry Parker, aliyechukua nafasi ya Hannington. Ashe alikuwa amerudi. Walikuwapo Walker, Blackburn na wengine. Walisali, wakapanga kazi ya ziwa zima. Tarehe 12 Machi Blackburn akafa. Tarehe 26 Machi Askofu Parker akafa. Muda mfupi baadaye Walker akavuka kwenda Buganda, na Ashe akarudi Uingereza kwa ugonjwa. Meza ikawa tupu tena.

Wakati huohuo kazi ya CMS ilifunguliwa pia Nassa, kandokando ya Ghuba ya Speke, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu kabla Wilaya ya Busega haijaundwa mwaka 2012. Kituo hicho kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na kutoka hapo Kanisa la Inland likaenea Usukuma.

Mwezi wa Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Akakimbia kwa mitumbwi, na mahali alipokimbilia palikuwa hapa Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu waliokuwa na makao yao. Walimnyang'anya alivyokuwa navyo na kumweka kama mfungwa, hata akatoroka na kupokewa na mapadre wa Bukumbi, ambao ndugu zao wa imani alikuwa amewachoma moto. Mwezi uliofuata wamisionari wa pande zote mbili walifukuzwa Buganda. Walker, Gordon na mapadre, Lourdel akiwa miongoni mwao, walitiwa katika mashua moja, Eleanor. Kiboko akaipiga, ikajaa maji, na baadhi ya vijana waliokuwamo wakazama. Waliosalia waliitengeneza na kuendelea kusini. Wale ambao hawakuweza kuketi pamoja mbele ya Kabaka sasa walikomba maji kutoka chombo kimoja. Walker na Gordon hatimaye walifika Usambiro kwa Mackay.

Katikati ya mwaka 1889 Mwanga, aliyekuwa akijaribu kurudi katika kiti chake, alimwandikia Mackay barua ya kuomba msaada na kumsihi asiyakumbuke mambo yaliyopita. Ni vigumu kwa msomaji wa leo kupima ombi hilo lilikuwa na uzito gani. Aliyeandika ndiye aliyemwua Lugalama, ndiye aliyeagiza Hannington afe, ndiye aliyeteketeza wanafunzi wa Mackay. Wapo watakaosema kwamba kulikuwa na hesabu za siasa, maana Wakristo wa Buganda wenyewe, walionusurika na moto wa Mwanga, walikwisha kuamua kumrudisha. Ni kweli. Lakini waliotakiwa kwenda kwake walikuwa Walker na Gordon, wenzake pekee aliobaki nao pamoja na Deekes, na Mackay alikuwa amekwisha kupoteza wengi kwa mikono ya mtu huyo. Aliwaacha waende. Wakavuka hadi kisiwa cha Bulingugwe, wakakaa na Mwanga na Wakristo wake katika vita vile. Lile alilolifanya Ukerewe akiwa kijana, alilirudia akiwa amechoka.

Tarehe 28 Agosti 1889 Stanley alifika Usambiro na Emin Pasha na msafara wao, wakapumzika karibu majuma matatu. Barua ya Stanley ndiyo iliyomtoa Mackay Berlin, na sasa Stanley mwenyewe alisimama mlangoni pake. Alimkuta akiwa na karakana, tanuri la matofali, vitabu vingi, na vyuma vya mashua ya mvuke aliyokusudia kuijenga. Wageni wale waliona kwamba amedhoofika, wakamsihi aondoke nao kwenda Ulaya apumzike. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu aondoke kwao. Mackay alikataa kuacha kituo kabla hajaja mtu wa kushika nafasi yake. Tarehe 17 Septemba wageni wakaondoka, naye akarudi kwenye mbao zake na kwenye tafsiri ya Injili ya Yohana kwa Kiganda.

David Deekes ndiye aliyebaki naye. Mwanzoni mwa Februari 1890 Deekes mwenyewe alikuwa mgonjwa, na ilikwisha kukubaliwa kwamba arudi kwao. Mizigo ilifungwa. Lakini Mackay akashikwa na homa kali, na Deekes, ambaye nguvu zake zilikuwa chache kuliko za mgonjwa wake, akafungua mizigo akakaa. Alimwuguza kwa siku nne hivi. Jumamosi tarehe 8 Februari 1890 Mackay alifariki, akiwa na umri wa miaka 40. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Mei, Lourdel naye alifariki Buganda.

Jeneza lilitengenezwa kwa mbao alizokuwa amezikata Mackay mwenyewe kwa ajili ya mashua. Siku ya Jumapili alasiri alizikwa kando ya Askofu Parker. Deekes alisoma ibada ya maziko. Wakristo wa Kiganda waliokuwapo, pamoja na vijana wa kituo, walisimama kuzunguka kaburi wakaimba wimbo wa kumsifu Yesu kwa Kiganda, na Deekes akauimba pamoja nao kwa Kiingereza. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa kutoka Usambiro, ikavushwa ziwa hadi Namirembe, akazikwa upya katika uwanja wa kanisa kuu, mahali ambapo Hannington alikuwa ametangulia kulazwa.